Motokaa Iliyokuwa Bubu

Somo: Yoshua 7:1–26

Mwezi huu nataka kusema nanyi habari za motokaa ya usharika, na habari za Akani mwana wa Karmi. Najua wako watakaouliza, Mambo haya mawili yahusianaje? Nivumilieni kidogo. Na wale waliokuwapo uani pa kanisa Jumamosi ile, waliosikia maneno niliyomwambia kijana wetu, nawasihi wasome mpaka mwisho, maana nayaandika kwa ajili yao kwanza.

Motokaa yetu mwaijua. Juu ya paa lake zimefungwa spika mbili za mfano wa tarumbeta, na chini ya kiti cha nyuma kimefungwa chombo cha kukuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya. Kazi yake ni hii. Redio ya motokaa hutoa sauti ndogo mno, isiyoweza kuzisukuma spika kubwa. Amplifaya huipokea sauti ile ndogo, hutwaa nguvu za betri, na kuitoa sauti ile ile hali imekuwa kubwa. Haitungi neno lake yenyewe. Kwa chombo hiki tumetangaza mikutano ya Injili, tumewaita watu kwenye mazishi, na wakati wa kipindupindu tulizunguka vijijini tukiwaonya watu wachemshe maji. Basi kikinyamaza, si muziki tu unaonyamaza.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya usharika niliona kwamba motokaa imechakaa. Rangi ilikuwa imebambuka, na kutu imeanza kula milango. Nikasema moyoni, Wageni watakuja, wakuu wa Kanisa watakuja. Si vema waone chombo chetu katika hali hii. Nikaipeleka kwa wapaka rangi. Wakang'oa viti na mazulia, wakapiga msasa, wakapaka rangi nyeupe nje na ndani, kisha wakarudisha kila kitu mahali pake. Ikarudi inang'aa kama meno ya mtoto. Nami nilifurahi sana, hata nikapita nayo sokoni mara mbili pasipo haja.

Jumamosi kabla ya mkutano, kijana atunzaye vyombo vya sauti akawasha. Redio ikawaka. Taa ndogo ya kijani ya amplifaya nayo ikawaka. Lakini katika spika hapakutoka hata mkwaruzo. Akazima, akawasha tena. Ikawa vivyo hivyo. Akaja kwangu akasema, "Baba Mchungaji, taa inawaka, lakini kila nikipandisha sauti naiona inafifia. Nadhani umeme haufiki sawasawa." Nami sikumsikiliza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata jibu langu. Kabla motokaa haijakwenda kupakwa rangi, ilikuwa imetumika katika arusi ya dada yake, kwa ruhusa yangu mwenyewe. Nikasema mbele ya kwaya nzima ya kwamba huko arusini alifungia spika nyingi kupita kiasi, akakiunguza chombo cha Mungu, na sasa anatafuta maneno ya kujifunika. Hakujibu neno. Aliziweka funguo juu ya meza, akaenda zake. Kesho yake hakuonekana ibadani, wala Jumapili ya pili.

Mkutano ulifanyika. Motokaa ilipita vijijini nyeupe na bubu, na mwinjilisti wetu ametoa kichwa dirishani, akiita watu kwa kinywa chake mpaka sauti ikamkauka. Waliokuja walikuwa wachache.

Jioni ile niliwakusanya wazee tukaomba. Tuliomba muda mrefu. Tulipoinuka niliwaomba akina mama wanikopeshe fedha walizokuwa wamezipata kwa kuuza maandazi, zile za kuezekea upya chumba cha shule ya Jumapili, ili ninunue amplifaya nyingine. Wakakubali, hawakunung'unika hata mmoja, jambo ambalo sasa laniuma kuliko kama wangalinung'unika.

Sasa tazameni Yoshua. Israeli wamekwisha kuuona mji wa Yeriko ukianguka. Wapanda kwenda Ai, mji mdogo, nao wapigwa na kukimbia. Watu 36 wafa. Yoshua ararua mavazi yake, aanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, wametia mavumbi vichwani. Mtu akipita asingaliweza kuona jambo lililo jema kuliko hilo: viongozi wa taifa wakiomba. Walakini Bwana amwambia aondoke pale, amwuliza kwa nini amelala hivyo, na kumwonyesha kwamba kuna kitu kilichofichwa kambini ambacho hakina budi kutafutwa. Mungu hayachukii maombi. Lakini yako maombi ambayo ni namna ya kukwepa kutazama, na nadhani maombi yangu ya jioni ile yalikuwa ya namna hiyo. Nilimwomba Mungu afungue kinywa cha motokaa, wala sikuomba anionyeshe ni nini kilichokifunga.

Tena angalieni jinsi walivyotafuta. Mungu alimjua Akani tangu saa ile alipoweka mkono wake juu ya vazi lile la Shinari. Angaliweza kumtaja kwa jina, na kazi ikaisha asubuhi. Hakufanya hivyo. Aliagiza wakaribie kabila kwa kabila, ikatwaliwa Yuda. Kisha jamaa kwa jamaa, ikatwaliwa jamaa ya Zera. Kisha nyumba kwa nyumba, ikatwaliwa nyumba ya Zabdi. Kisha mtu kwa mtu. Kwa muda mrefu mimi nilisoma sura hii nikimwangalia yule aliyekamatwa tu. Sasa nawaangalia wale waliopita. Reubeni alipita mbele ya Israeli wote akaonekana kuwa hana hatia. Dani akapita. Naftali akapita. Hakuna tena awezaye kuwanyoshea kidole. Kutafuta kwa utaratibu kwafanya kazi mbili: kwamfichua mwenye kosa, na kwamweka huru asiye na kosa. Bali akisiaye humtwaa mtu mmoja kutoka katikati ya kambi, akampiga mawe kabla kabila hata moja halijapita.

Haya sikuyajua kwa kusoma. Nilifundishwa na fundi mmoja wa mjini, mzee, mtu wa msikitini, mwenye kicho na mwenye kusema kidogo. Nilimpelekea motokaa pamoja na zile fedha za akina mama, nikamwambia, "Mzee, amplifaya yangu imeungua, nitafutie nyingine." Akasema, "Mchungaji, hununui dawa kabla ya kuujua ugonjwa." Kisha akaniuliza, "Motokaa hii ilifanyiwa nini mara ya mwisho?" Nikamjibu, "Hakuna." Nilisema hivyo bila hila. Rangi sikuihesabu kuwa neno. Rangi na sauti vina shauri gani?

Kwanza aliitazama taa. Alinieleza ya kuwa taa ya chombo cha namna yetu hutoa habari tatu. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki, ama amri ya kuamka haifiki. Ikiwa nyekundu, chombo kimejifunga chenyewe ili kisiharibike: pengine nyaya za spika zimegusana au zimegusa bati la motokaa, pengine kimepata joto kupita kiasi, pengine kuna kitu ndani yake kilichokwisha kuungua. Hapo yeye huzifungua nyaya zote za spika na zile ziletazo sauti, akakiwasha hali ni kitupu. Wekundu ukiondoka, kosa liko nje. Ukibaki, ubaya u ndani, na hapo tu ndipo afikiripo kukifungua au kununua kingine. "Na ikiwa kijani bila sauti," akasema, "hapo ndipo watu wengi hudanganyika, maana wakiona kijani husema, Umeme upo."

Akafungua kifuniko cha injini, akaipima fyuzi iliyo karibu na betri. Nikamwambia nimekwisha kuitazama, ni nzima. Akasema, "Macho si mita." Akapima upande huu wa fyuzi na upande huu: volti 12 na nusu huku na huku. Akazipima na zile fyuzi mbili ndogo za ubavuni mwa amplifaya, nazo zilikuwa nzima. (Nasema neno hili kwa wenye motokaa: fyuzi ile ya kwanza hufungwa karibu na betri, isizidi nusu mita hivi, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukigusa bati njiani. Nimeona mtu akiweka karatasi ya kung'aa ya sigara mahali pa fyuzi. Heri abaki bila muziki.)

Kisha akaushika waya mmoja mwembamba, wa buluu wenye mstari mweupe, utokao katika redio. Waya huu haubebi nguvu, hubeba amri tu. Redio ikiwashwa hupeleka volti 12 hivi kwa waya huo, na amplifaya huamka. Redio ikizimwa, amplifaya hulala, betri isije ikaisha usiku. Nguvu zote za betri zaweza kusimama mlangoni, na kama waya huu umekatika chombo hubaki usingizini. Akaupima, amri ilikuwa inafika. Ukapita.

Akaigeukia redio. Aliangalia kama haikunyamazishwa, na kama sauti haikuelekezwa upande mmoja tu; akacheka, akasema mara nyingine amelipwa fedha kwa kugeuza kitufe kimoja. Kisha akachomoa nyaya ziletazo sauti kutoka redioni, akachomeka simu yake mahali pake. Kimya kama kwanza. Basi redio nayo ikapita.

Akapanda juu ya paa. Akazifungua nyaya za spika, akachukua betri ndogo ya tochi, ya volti 1 na nusu, akaigusisha kwa spika ya kwanza kufumba na kufumbua. Spika ikasema, Tak. Na ya pili, Tak. Akazipima kwa mita: spika zilizoandikwa ohmu 8 zilionyesha 6 na kitu, na ndivyo iwavyo kwa spika nzima, maana mita huonyesha pungufu kidogo ya ile iliyoandikwa. Kama zingalikuwa zimeungua, mita ingalionyesha ya kuwa njia imekatika.

Hapo nikasema, "Basi, mzee, wote wamepita. Imebaki amplifaya yenyewe. Ndiyo iliyoungua." Wapendwa, nakiri mbele yenu ya kuwa nilisema maneno hayo kwa matumaini. Nilitamani iwe imeungua. Nilikuwa radhi fedha za akina mama ziishe, na watoto wanyeshewe na mvua katika shule ya Jumapili, mradi nionekane nilisema kweli juu ya kijana yule.

Fundi akasema, "Mmoja hajapita." Akaweka mita kwenye vifungo vile viwili vinene vya amplifaya, mahali umeme uingiapo na mahali utokapo. Chombo kilikuwa kimezimwa. Mita ikaonyesha volti 12 na nusu. Nikamwambia, "Umeme umejaa." Akajibu, "Umejaa maadamu hauna kazi." Akawasha, akafungulia sauti. Namba ikaanza kuanguka mbele ya macho yangu: 11, 9, ikasimama 7 na kitu. Na taa ya kijani ikafifia. Nilikumbuka mara ile ile ni nani aliyeniambia kwamba taa inafifia.

Ikabaki kujua nguvu zile zinapotelea wapi. Akapima njia ya kwenda, waya mwekundu tangu betri hata amplifaya, chombo kikiwa kazini: ilipotea sehemu moja ya kumi ya volti, si neno. Akapima njia ya kurudi, tangu waya mweusi wa amplifaya hata upande wa hasi wa betri. Hapo hapapasi kupotea hata nusu volti. Zilipotea 5.

Naomba niwaeleze, maana mimi mwenyewe sikuwa nimelifahamu jambo hili ijapokuwa naendesha motokaa miaka mingi. Umeme utokao katika betri hauna budi kurudi katika betri, usiporudi, hautoki. Katika motokaa karibu zote, njia ya kurudi ni bati lenyewe la motokaa. Waya mweusi wa amplifaya ni mfupi. Hukazwa kwa bolti kwenye bati lililo karibu, na bati hurudisha umeme wote mpaka kwenye betri. Watu hununua waya mwekundu mnene, wa bei kubwa, na kuutandaza kwa uangalifu. Ule mweusi hufungwa chini ya zulia, hakuna auonaye.

Fundi akainua zulia, akalegeza bolti, akainua pete ya waya. Chini ya pete palikuwa na rangi nyeupe, nzuri, nene, isiyo na ufa. Wapaka rangi walikuwa wameifungua bolti, wakapaka kila mahali kama nilivyowaagiza, wakaifunga tena juu ya rangi. Umeme ulikuwa ukipita kwa shida katika nyuzi za bolti tu. Wa kuwasha taa ndogo ulitosha. Wa kusukuma sauti haukutosha. Na nguvu ziliposhuka mno, chombo kilinyamaza.

Akaniuliza mara ya pili, kwa upole, bila kunitazama: "Mchungaji, motokaa hii ilifanyiwa nini mara ya mwisho?"

Akachukua msasa, akasugua mahali pale, duara isiyozidi sarafu, mpaka bati likang'aa. Akarudisha pete, akakaza bolti, kisha akapaka grisi juu ya vyote kuzuia kutu. Akawasha. Wimbo wa kwaya yetu ukalia kwa nguvu hata kuku wa jirani wakatawanyika. Malipo aliyotaka hayakufika bei ya kilo mbili za sukari.

Sipendi kuufanya kila waya kuwa mfano. Wako wahubiri wafanyao hivyo, na mwisho wasikilizaji hujua habari za mfano kuliko habari za Mungu. Lakini neno moja siwezi kuliacha. Rangi haikuwa dhambi. Ina mahali pake, nayo ilikuwa inazuia kutu. Ubaya ulikuwa kwamba iliingia kati ya waya na bati, mahali ambapo hapastahili kuwa na kitu chochote. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, awanenea watu wajengao ukuta dhaifu na kuupaka chokaa juu, wakiwaambia watu kuna amani. Mvua ikija, ukuta huanguka. Mimi nilipaka kwa ajili ya macho ya wageni. Nasi sote twapaka. Twapaka hesabu za usharika kabla ya ukaguzi, twapaka ndoa zetu kabla ya ugeni, twapaka maungamo yenyewe: Jumapili twasema kwa sauti moja ya kwamba sisi ni wakosaji, na mtu akituonyesha kosa moja tu kwa jina lake, twakasirika. Rangi ya namna hii imeingia kati yetu na Mungu, nasi twashangaa kwa nini hatuna sauti. Taa ya kijani yawaka: ibada zaendelea, kwaya ina sare mpya, sadaka yahesabiwa. Tukipimwa hali tumekaa kimya, tumejaa. Uje mzigo, ugonjwa, deni, au kijana mmoja aliyeonewa akituhitaji tuseme kweli, na namba yaanguka mbele ya macho.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther aieleza Amri ya Nane kwa namna itupasayo kuisoma tena. Hatosheki na kutukataza uongo. Ataka tumtetee jirani, tuyachukue mambo yake kwa upande ulio mwema. Nimewafundisha vipaimara mambo hayo miaka yote. Yoshua, alipokuwa ameletewa Akani, ambaye alikuwa na hatia kweli, alimwita mwanangu. Mimi nilikuwa na mtoto asiye na hatia, nikamwita mwharibifu mbele ya wenzake.

Akani alikiri. Vitu vikachimbuliwa chini ya hema yake: vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha, kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Kisha wakampeleka bonde la Akori, wakampiga kwa mawe, na rundo kubwa likawekwa juu yake. Ni habari ngumu, nami sitailainisha. Sheria ya Mungu ikichimba, huchimba mpaka chini ya hema, na kilicho chini ya hema hakina utetezi. Ningalisimama katika mstari ule, kabila kwa kabila, nisingalipita.

Lakini bonde la Akori latajwa tena. Miaka mingi baadaye, kwa kinywa cha nabii Hosea, katika sura ya 2, Mungu aahidi ya kuwa bonde lile lile atalifanya kuwa mlango wa tumaini. Hasemi atawapitisha watu wake mahali pengine, penye kivuli. Asema pale pale, penye rundo la mawe. Sisi tumwaminio Kristo twajua mlango ule ulifunguliwa kwa gharama gani: mmoja asiyeficha kitu chini ya hema yake alitolewa nje ya mji badala ya wenye kuficha. Kwa sababu hiyo mtu aweza kufunuliwa asife. Kwa sababu hiyo nami naweza kuyaandika haya katika gazeti lisomwalo na sharika zote, na Jumapili nikasimama tena madhabahuni.

Nilikwenda kwa kijana siku ya Alhamisi, jioni. Mama yake alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaenda jikoni asirudi. Kijana alikaa kwenye ngazi ya mlango. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikusingizia. Chombo hakikuungua. Ni rangi yangu." Nikamweleza habari za bolti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baba Mchungaji, ulinisema mbele ya kwaya." Nikajibu, "Ndivyo." Akasema, "Basi na haya uyaseme mbele ya kwaya." Wala hakusema zaidi, nami sikudai anisamehe usiku ule, maana deni lilikuwa langu, si lake.

Ijumaa kwaya ilipokusanyika niliyasema. Alikuwapo, amesimama nyuma karibu na mlango. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, ashukuriwe Mungu. Fedha za akina mama nalizirudisha mbele yao hao hao, zote isipokuwa malipo ya fundi, ambayo nililipa mwenyewe; na mabati ya chumba cha watoto yamekwisha kununuliwa.

Watu walipotawanyika kijana alikuja mbele, akatwaa funguo juu ya meza. Akaniuliza, "Waya wa hasi wa betri nao hukazwa kwenye bati, kule mbele. Walipaka na huko?" Nikasema sijui. Akaomba tochi na spana namba 10. Tukafungua kifuniko cha injini, yeye akalegeza bolti, mimi nikimmulikia. Nusu ya pete ilikuwa imekaa juu ya bati, na nusu juu ya rangi nyeupe. Akaninyoshea mkono bila kugeuka, nami nikampa msasa.